Kikombe Kimoja, Magauni Kumi na Mawili

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Biubwa kaondoka jana kwenda kwao Marui, Kisarawe, kusaidia maandalizi ya harusi ya mdogo wake, Firdausi. Kamchukua na binti yetu Rukaya. Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 27. Nimebaki Kibaha peke yangu na cherehani, majora mawili ya kitenge cha kijani, na maagizo.

Maagizo yenyewe: magauni kumi na mawili ya sare. Kumi na moja ya shangazi na binamu zake, la kumi na mbili lake mwenyewe. Kaniambia mara tatu, ya tatu kanishika kola. Sababu ninaijua. Tangu nilipomshonea baba yake kanzu ya Idi, mkono mmoja ukafunika vidole na mwingine ukaishia kwenye kiwiko, ukoo mzima unaniita Fundi Mkono Mmoja. Miaka tisa hiyo! Safari hii walitaka kazi wampe fundi wa Kisarawe mjini. Biubwa akasimama mbele ya shangazi zake akasema mume wangu ndiye atakayeshona, na akiharibu mimi sare sivai, nitakaa jikoni na masufuria mpaka bibi harusi aondoke. Dada mtu akae jikoni siku ya harusi ya mdogo wake! Sitakubali. Nitawaonyesha.

Leo sikuanza. Nilikuwa naangalia video kwenye simu. Jamaa mmoja ana mashati mawili, sahani moja na godoro, basi. Anatabasamu mwanzo mpaka mwisho. Anasema tunachoshwa na vitu, si kazi. Nikaitazama fremu yangu ya kushonea. Nikaitazama na ya jirani yangu Abdulkadiri, fundi mwenzangu, tunatenganishwa na ukuta mmoja tu. Abdulkadiri hatupi kitu. Vifungo kwenye makopo ya maziwa. Zipu mbovu. Magunia ya vipande vya vitambaa. Satini ya njano iliyopamba ukumbi wa watu miaka kumi iliyopita. Ukimuuliza ya nini, ana jibu moja tu: akiba haiozi. Na bado wateja wanajaa kwake! Nimefikiria sana kwa nini. Wanamwonea huruma.

Uamuzi: kuanzia kesho naishi maisha mepesi. Nyumbani na kazini.

Jumanne, 16 Septemba

Nimeanza na nyumba. Kanuni ya jamaa wa video: kitu ambacho hujakigusa mwezi mzima, kiage.

Vikombe kumi na viwili vya maua ya waridi, kabatini. Havijaguswa tangu tuoane, eti ni vya wageni. Nimebakiza kimoja. Sahani moja. Kijiko kimoja. Viti sita vya plastiki, nimebakiza kimoja. Kinu na mchi: mimi peke yangu nitatwanga nini? Vikaenda. Mbuzi ya kukunia nazi nayo ikaenda, ingawa ilinitazama vibaya.

Vimekwenda wapi? Nilianza kwa Sada, jirani wa mlango wa pili. Akanishika paji la uso akaniuliza kama nimepima malaria. Basi nikampelekea Abdulkadiri. Yeye hakuuliza. Alipokea kwa mikono miwili akasema kila kitu kina siku yake. Masikini! Nimemtwisha mzigo wangu na ananishukuru.

Nyumba sasa inatoa mwangwi. Nimepiga chafya, ikanijibu. Raha tupu.

Jumatano, 17 Septemba

Zamu ya kazini. Nilikuwa na nyuzi za rangi ishirini na tisa. Nani anahitaji rangi ishirini na tisa? Nimebakiza nyeusi na nyeupe. Zilizobaki, pamoja na mikasi miwili na mabaki yote ya vitambaa, kwa Abdulkadiri. Kisha nikachora bango jipya kwa mkono wangu: FUNDI HUSSEINI – MAISHA MEPESI. Watu watatu wamesimama kulisoma. Mmoja kauliza kama nauza dawa ya kupunguza unene.

Mchana kaja Yassin, mteja wangu wa Soga, na suruali ya kaki ya kupinda. Nikaipinda kwa uzi mweusi. Akaigeuza geuza akasema mshono unaonekana kama reli. Nikamwambia asante. Kumbe hakuwa anasifu. Kaingia kwa Abdulkadiri kwenda kufumua.

Wateja wa namna hiyo nao ni mzigo. Wacha wapungue.

Ijumaa, 19 Septemba

Daftari la vipimo limefika kutoka Marui, kaleta dereva wa Noah. Biubwa kawapima mwenyewe. Kila mtu na ukurasa wake, jina juu, mwandiko mzuri. Shangazi Mboni, mkubwa wa ukoo: kifua inchi 52. Yasmin, binamu wa mwisho: 31. Waliobaki katikati hapo, kila mmoja alivyojaliwa.

Vipimo kumi na viwili! Kuchora mara kumi na mbili, kukata mara kumi na mbili! Huu ndio mzigo wenyewe anaousema yule jamaa. Nikakaa kwenye kiti. Nikapata wazo ambalo sijui ni kwa nini mafundi hawajalipata tangu sindano ianze kutoboa nguo. Wastani! Nikajumlisha vifua vyote nikagawanya kwa kumi na mbili. Inchi 40. Viuno hivyo hivyo, mabega hivyo hivyo, urefu hivyo hivyo. Nikapanga kitenge tabaka kumi na mbili. Chaki moja, mkasi mmoja, mkato mmoja. Hesabu haina upendeleo. Aliyezidi atabana pumzi, aliyepungua atakula pilau.

Daftari sasa la nini? Kipimo ni kimoja na kiko kichwani. Nimempa Mzee Mwishehe, muuza karanga wa pale kona, afungie karanga zake. Kanishukuru, kanipa pakiti moja bure. Vipande vya kitenge vilivyobaki, gunia zima, nimemrushia Abdulkadiri. Aliniona nikitoa daftari. Akasema mali bila daftari hupotea bila habari.

Wivu huo.

Jumapili, 21 Septemba

Yamekwisha! Magauni kumi na mawili kwa siku mbili! Yametundikwa yote mstari mmoja, yanafanana kama mapacha. Uzi mweupe kwenye kitenge cha kijani unaonekana kidogo, lakini ukisimama mbali huoni.

Nikampigia Biubwa. Akasema alhamdulillahi, sauti ikabadilika. Nikajua anafuta machozi. Akasema, Baba Rukaya, hujui umenitua mzigo gani. Nilijiona mtu, kwa kweli. Nilitembea mpaka dukani na kurudi bila kununua kitu, basi tu watu wanione.

Mwisho wa mazungumzo akasema shangazi na binamu wanakuja Jumanne kujaribu. Wote. Nikamwambia hakuna haja, watajaribia harusini. Akasema gari zimeshakodiwa.

Jumanne, 23 Septemba

Sijui nianzie wapi. Nianze na kikombe.

Saa nne asubuhi, Noah mbili mlangoni. Wakashuka wanawake kumi na mmoja, Shangazi Mboni mbele. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, mkwe, tuna kiu ya chai. Hapo ndipo nilipokumbuka.

Nikachemsha chai, nikaileta kwenye kikombe kimoja. Nikawaeleza kwamba siku hizi ndivyo watu wanavyokunywa, kwa zamu, kila mtu anapata utulivu wake. Ilipofika kwa wa saba, wa kwanza alishapata kiu tena. Shangazi Mboni alikaa kwenye kiti. Kumi waliegemea ukuta. Akazungusha macho nyumba nzima, akanishika bega, akanipa pole ya kuibiwa. Nusura niipokee.

Nikawahamishia kwenye fremu haraka. Akaanza Yasmin. Aligeuka kutazama mlangoni, gauni likabaki linatazama dirishani. Zubeda, binamu mrefu, lake likamwishia magotini, na ni harusi ya watu wanaoswali! La Shangazi Mboni liliingia kichwa tu. Kulitoa ilibidi wavute wanne. Mmoja baada ya mwingine, mpaka wakaisha. Wanawake kumi na mmoja, hakuna hata mmoja wa wastani!

Nikasema kitenge kikipigwa pasi kinaachia. Shangazi Mboni akatoka nje kupunga upepo, akanunua karanga kwa Mzee Mwishehe. Nilikuwa namwona kupitia mlangoni. Akafungua pakiti. Akatafuna moja. Akaisogeza karatasi karibu na macho.

Mwandiko wa Biubwa. Jina lake juu. Kifua 52, nyonga 58.

Akarudi ndani polepole. Akaniuliza: “Mkwe, hizi nyonga zangu zimeshafika mitaa mingapi?”

Nikamwambia ni huu huu tu.

Akaenda kukaa kwa Abdulkadiri, kwa kuwa kule kuna viti. Viti vyangu. Abdulkadiri akawapa wote chai, kila mtu na kikombe chake. Maua ya waridi. Nilikuwa nimesahau, wallahi nilikuwa nimesahau kwamba vikombe vile aliyetupa siku ya harusi yetu ni Shangazi Mboni mwenyewe. Alikiinua chake, akakigeuza, akanitazama. Akamaliza chai, akapanda gari. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 24 Septemba

Biubwa kapiga asubuhi. Hakugomba. Kasema tu ameshachagua sufuria atakalokaa nalo, lile kubwa la pilau, maana linampa kivuli watu wasimwone. Akakata simu. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nimemtia aibu mke wangu mbele ya watu wake, na alikuwa amenitetea. Naandika hivyo hivyo bila kupunguza.

Nimezunguka maduka yote ya vitambaa. Kitenge kile kimekwisha. Siku tatu zimebaki.

Ikabidi niende kwa Abdulkadiri. Nilimwambia kwa heshima kwamba lile gunia la vipande nilikuwa nimelihifadhi kwake kwa muda tu. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akalivuta kutoka nyuma ya magunia mengine, akamwaga vipande, akaleta na ile satini ya njano. Akasema inawezekana. Wanene waongezewe ubavuni, warefu waongezewe marinda chini, wembamba wapunguzwe, na satini ipite kwa wote ionekane ni mtindo uliokusudiwa. Akaniomba vipimo.

Nikanyoosha kidole kwa Mzee Mwishehe.

Nimenunua karanga zote. Pakiti zote za bakuli na za akiba chini ya meza. Mzee Mwishehe kaniombea dua, kasema tangu aanze biashara hajawahi kufunga kabla ya adhuhuri. Kurasa tisa zimepatikana. Ya Shangazi Mboni aliondoka nayo, lakini Abdulkadiri anazikumbuka namba zake, kama mtaa mzima. Ya Zubeda haikuonekana; nimempigia Yasmin ampime upya kimya kimya, kakubali kwa sharti la karanga. Ya Biubwa haikuonekana pia. Haikuhitajika. Kipimo cha mke wangu nakijua nikiwa nimefumba macho.

Nikamtajia! Abdulkadiri akaandika, akalipima gauni, akapima tena, akanitazama. Gauni la Biubwa halihitaji kuongezwa wala kupunguzwa. Wastani kamili! Nikamwambia si unaona? Akasema Husseini, nyamaza, shika sindano.

Malipo hataki. Nilimpa cherehani yangu, akasema cherehani anazo. Sharti lake ni moja: siku ya harusi, mbele ya wakwe zangu, kwa mdomo wangu mwenyewe, niseme nani kayaokoa magauni. Nikakubali. Ningefanyaje?

Ijumaa, 26 Septemba

Siku mbili bega kwa bega. Yeye anachora, mimi nafumua. Yeye anakata, mimi nashona. Uzi wa kijani alikuwa nao wa aina nne, zote zilikuwa zangu. Asubuhi karanga, mchana karanga. La mwisho limemalizika alasiri hii. Yametundikwa tena, kijani na ubavu wa njano, marinda chini. Niliyatazama nikaona haya kidogo, na raha nyingi. Abdulkadiri anajua kazi. Naliandika hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu.

Sharti lake linaniwasha. Nitasimamaje mbele ya ukoo niseme hivyo? Fundi Mkono Mmoja atakuwa Fundi Bila Mikono. Lakini nimelifikiria sharti lenyewe neno kwa neno. Kasema mbele ya wakwe. Hakusema wakwe wangapi. Hakusema kwa sauti gani.

Mzee Matano, mjomba wake Biubwa, ni mkwe. Na masikio yake ni mazito tangu zamani.

Nina mpango.

Jumapili, 28 Septemba

Tumerudi. Nina usingizi, lakini lazima niandike.

Jana mimi na Abdulkadiri tulifika Marui mapema na mzigo wetu. Biubwa alikuwa jikoni kweli, amefunga khanga kiunoni, anakwangua ukoko. Hakunitazama. Nikalifungua gauni lake mbele yake. Akanawa mikono taratibu, akaingia ndani. Alipotoka, jiko zima lilipiga vigelegele. Nikamwambia, mke wangu, katika wanawake kumi na wawili ni wewe peke yako uliye wastani. Nilidhani atafurahi.

Wengine nao wakavaa. Yakawakaa! Yasmin aligeuka na gauni likageuka naye. Zubeda alifunikwa mpaka kisigino. Shangazi Mboni aliingia kwenye lake mwenyewe, bila mtu kuvuta, akatembea mpaka mlangoni na kurudi mara mbili. Wageni wakaanza kuuliza huu mtindo wa ubavu wa njano umetoka wapi. Kila aliyeuliza alionyeshwa mimi. Nilikuwa nimesimama vizuri tu.

Abdulkadiri alikuwa amekaa pembeni na soda yake, ananitazama. Haya. Nikasubiri spika zipandishwe, muziki uchanganye. Nikamwinamia Mzee Matano sikioni nikasema yote, neno kwa neno, kwa sauti ya kawaida kabisa: kwamba mimi niliyaharibu na Abdulkadiri ndiye aliyeyaokoa. Mzee akaniashiria kwa mkono nirudie. Nikarudia kwa nguvu. Akaashiria tena. Nikavuta pumzi nikapaza sauti.

Umeme ukakatika.

Ukimya wote ule ulijaa sauti yangu. Na Mzee Matano, ambaye sasa alikuwa amesikia vizuri sana, akaniuliza kwa sauti ya adhana: “Unasema wewe uliyaharibu yote kumi na mawili, akayaokoa huyu mwenzio?”

Nikasema ndiyo, mzee.

Watu mia mbili walinitazama. Nilitafuta pa kuficha uso, nikamwona Biubwa. Alikuwa amesimama katikati ya binamu zake na sare yake, mkono mdomoni. Nikajua nimemrudisha jikoni. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akamwegemea Firdausi, na bibi harusi naye akacheka, shela likamteleza. Sijamwona Biubwa akicheka hivyo tangu kanzu ya baba yake. Moyo wangu ulishuka mahali pake.

Shangazi Mboni akasimama. Akaamuru sahani ya kwanza ya pilau apewe Abdulkadiri. Akasema fundi wameshampata, na mkwe ni huyu huyu, kushona hajui lakini angalau anajua mlango wa kubisha hodi. Vigelegele! Abdulkadiri kaondoka na oda kumi na nne. Mimi nimeondoka na mke wangu. Sikuona kama nimepunjwa.

Jumatatu, 29 Septemba

Biubwa kavikomboa vitu vyake vyote kwa Abdulkadiri. Kinu, mchi, mbuzi, viti, vikombe. Sada kasaidia kubeba, kila safari ananiuliza homa imeshuka. Kisha Biubwa kaniketisha kwenye kiti, sasa viko sita tena, kaniapisha kwamba katika nyumba hii sitatoa kitu chochote kumpa mtu yeyote. Nimeapa kwa moyo mweupe. Nimejifunza, na nimemwambia hivyo.

Alasiri kumefika boksi kutoka Marui. Zawadi ya Shangazi Mboni kwa Biubwa, ili asije akaaibika tena mbele ya wageni: vikombe ishirini na vinne, vipya, maua ya bluu. Biubwa kavipanga kabatini pamoja na vile kumi na viwili vya waridi. Kavitazama muda mrefu anatabasamu, kisha kaenda kulala na Rukaya.

Thelathini na sita. Nimevihesabu mara mbili. Tuko watu watatu. Mlango wa kabati haufungi sawasawa, na ukipita karibu vinagongana, huwezi hata kufikiri.

Nimelikumbuka lile neno nililoapa, herufi kwa herufi. Nimeapa sitatoa. Kuazimisha sikuapa.

Nimemtumia Abdulkadiri ujumbe kumuuliza kama anaweza kuazima vikombe thelathini na vitatu. Kajibu hapo hapo. Nilete kesho, akiba haiozi.